Masikio yanayolia: mlio usiokwisha, na pa kupata msaada hapa Brussels

Katika ofisi yetu watu huleta barua za komini, za mutuelle, za shule, za umeme. Ni nadra mtu kuja kwa ajili ya masikio. Jambo hilo hutoka mwishoni, barua zikiwa zimekwisha na mtu ameshavaa koti. Anauliza kwa sauti ya chini: "Na hii kelele ya kichwani, nayo ina dawa?"

Wengine wameishi nayo miaka kumi bila kumwambia hata mke au mume. Wanaogopa kuitwa wendawazimu. Wanaogopa kuambiwa wamerogwa. Wengine wamesikia tangu utoto kwamba sikio likilia kuna mtu anakusema, kwa hiyo wanakaa wakijiuliza ni nani huyo asiyechoka. Kama wewe ni mmoja wao, au unaishi na mtu wa namna hiyo, makala hii ni yako.

JAMBO LENYEWE NI NINI

Mlio wa masikioni ni sauti unayoisikia wewe peke yako, kwa sababu haitoki nje. Kwa mmoja ni filimbi nyembamba. Kwa mwingine ni nyenje wa usiku, upepo, birika linalochemka, au mashine ya kusaga unga iliyo mbali. Unaweza kuwa katika sikio moja, katika yote mawili, au katikati ya kichwa. Unaweza kuja na kuondoka, au usikome kabisa.

Kwa Kifaransa huitwa acouphènes, tamka "akufeni". Kwa Kiholanzi ni tinnitus au oorsuizen. Yaandike majina haya kwenye simu yako, maana ukiyasema kwa daktari ataelewa mara moja unazungumzia nini.

Si wewe peke yako. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la madaktari liitwalo JAMA Neurology ulikadiria kwamba zaidi ya watu wazima milioni 740 duniani wana mlio huu, na kwamba kwa zaidi ya milioni 120 kati yao ni tatizo kubwa maishani. Ukiwa ndani ya tramu iliyojaa, karibu hakika kuna mwingine humo anayesikia filimbi yake na hasemi.

SAUTI INATOKA WAPI

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kilichojikunja kama konokono. Humo mna chembe zenye vinywele vidogo sana, kama elfu kumi na tano hivi kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinywele vinatikisika na kupeleka habari kwenye ubongo. Vifikirie kama nyasi. Ng'ombe wakipita mara moja, nyasi huinama kisha zikainuka. Wakipita kundi zima, au kila siku, nyingine hukatika. Tofauti ni kwamba nyasi huota tena, lakini chembe hizi kwa binadamu hazioti.

Chembe zikipungua, ubongo unapata habari chache kuliko ulivyozoea. Hapo unafanya kama mtu anayetafuta idhaa ya mbali kwenye redio: anaongeza sauti. Na ukiongeza sauti ya redio ambayo idhaa yake ni dhaifu, unasikia nini? Mvumo. Madaktari wengi huueleza mlio wa masikioni hivyo. Ubongo umeongeza sauti ili usikie, na unasikia mvumo wake wenyewe.

Hata mtu mwenye masikio mazima ana mvumo huo kidogo. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wasio na tatizo la kusikia katika chumba kisichopitisha sauti, wakawaomba waseme wanasikia nini. Asilimia 94 walisema wanasikia mvumo, mlio au kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo kusikia mlio peke yake si dalili ya wazimu wala si kazi ya mtu mbaya.

YALIYOTUPATA SISI

Kila mtu anaweza kupata mlio, hasa akizeeka. Lakini sisi tuliopitia vita na kambi tuna sababu zetu za ziada, na daktari wa hapa hatazijua usipomwambia.

Ya kwanza ni silaha. Mlio wa bunduki karibu na sikio, au bomu lililoanguka jirani, unaweza kukata vinywele hivyo kwa sekunde moja. Vivyo hivyo kupigwa kofi la sikio au kupigwa kichwani.

Ya pili ni dawa. Wengi wetu tulikua tukiita kila kidonge "kinini", na kwinini yenyewe, dawa ya malaria, inajulikana tangu zamani kwa kuvumisha masikio. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hata watoto wenye malaria kali wapewe artesuneti badala yake, lakini wengi tulishatundikiwa chupa za kwinini mara nyingi. Mvumo wa kwinini kwa kawaida huisha dawa ikiisha mwilini. Kuna sindano zinazoweza kuacha madhara ya kudumu: jentamisini, na zile za kifua kikuu kama streptomisini na kanamisini. Aspirini nyingi nayo huleta mlio. Ukikumbuka ulitibiwa kifua kikuu kwa sindano za miezi, mwambie daktari. Lakini usiache dawa yoyote unayotumia sasa kabla ya kumwuliza.

Ya tatu ni sikio linalotoa usaha. Kambini tuliona watoto wengi wanaotoka maji sikioni mwezi baada ya mwezi, tukadhani ni jambo la kukua. Ugonjwa huo hutoboa ngoma ya sikio na kupunguza usikivu.

Ya nne ni kelele za hapa hapa. Maghala, viwanda vya kufua nguo, ujenzi, mashine za kusafishia. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2003 inasema kelele ya kazini ikifika desibeli 80 kwa siku ya kazi, mwajiri lazima akupe vifaa vya kuziba masikio. Ikifika 85, lazima uvivae. Havikatwi kwenye mshahara. Usipopewa, omba, na kama unaogopa kuomba, njoo tuzungumze. Kila mfanyakazi ana daktari wa kazi, na unayo haki ya kumwona kuhusu masikio yako.

Na nitasema jambo ambalo halitawapendeza wote: vipaza sauti vyetu. Chumba kidogo, spika nne kubwa, kwaya, ngoma, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama aliyesimama mbele ya spika. Iwe kanisani, iwe kwenye harusi Matonge, ukitoka na masikio yanavuma, hayo ni masikio yanayokuambia yameumia. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ya desibeli 90 isizidi saa nne. Spika za karamu zinapita hapo kwa urahisi. Msogeze mtoto nyuma, mnunulie vifaa vya kufunika masikio, na wazee wa kanisa wapunguze sauti kidogo. Mungu anasikia.

KWA NINI "ULIANZA" BRUSSELS

Wengi huniambia: "Kule Nakivale sikuwa nao, umeanza hapa." Mara nyingine ni kweli. Lakini fikiri juu ya usiku wa kambini. Ukuta ni hema la plastiki. Jirani anakohoa, mtoto wa tatu analia, vyura wanaimba, mvua ikija unasikia mabati ya shule. Usiku ule haukuwa na ukimya.

Sasa uko kwenye apatimenti, ghorofa ya tano, madirisha ya vioo viwili. Ukifunga, mji wote unanyamaza. Watoto wamelala chumba chao. Katika ukimya huo mlio ambao pengine ulikuwapo miaka mingi unakuwa mkubwa kama king'ora. Haujakua. Kilichoondoka ni sauti zilizokuwa zikiufunika. Nalisema hili kwa sababu wapo waliodhani nyumba ina mapepo, wakaomba kuhamishwa.

MLIO NA MOYO ULIOJERUHIWA

Kuna kitu kingine kinachoupa mlio nguvu: hofu. Ubongo wa mtu aliyekimbia vita umejifunza kulinda. Unasikiliza usiku, unapima kila sauti. Mlio ukiingia, unachukuliwa kama tangazo la hatari. Moyo unaenda mbio, usingizi unakata. Usipolala, kesho mlio unakuwa mkali zaidi, na hofu inaongezeka. Ni mduara.

Haya yamechunguzwa kwa wakimbizi kama sisi. Mwaka 2006 daktari Hinton na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi juu ya wakimbizi wa Kambodia waliokuwa wakitibiwa kiwewe. Mlio wa masikioni ulikuwa jambo la kawaida kwao, na waliokuwa nao walikuwa na kiwewe kikali zaidi. Wakambodia wengi huamini kwamba mlio ni upepo unaopanda mwilini na kutokea masikioni, na kwamba unaweza kuua. Ukiamini hivyo, kila filimbi inakuwa kengele ya kifo. Sisi tunasema uchawi, wao wanasema upepo. Hofu inayoamka ni ile ile.

Kwa hiyo mtu akikuambia "una mawazo tu", amekosea. Na akikuambia "ni masikio tu", huenda naye hajamaliza. Mara nyingi ni vyote viwili, na vyote viwili vinahudumiwa.

SI SAUTI ZA WATU

Hapa naomba uwe makini, kwa sababu neno moja likitafsiriwa vibaya linaweza kukupeleka mlango usio wako. Kwa Kiswahili tunasema "nasikia sauti" tukimaanisha mlio. Mtoto wa miaka kumi akimtafsiria mama yake, atasema "elle entend des voix", yaani anasikia watu wakizungumza. Daktari anayesikia hivyo atafikiria ugonjwa wa akili. Sema hivi, au onyesha maandishi haya:

Kwa Kifaransa: J'ai un sifflement dans les oreilles. Ce ne sont pas des voix.

Kwa Kiholanzi: Ik hoor een fluittoon in mijn oren. Het zijn geen stemmen.

Maana yake: nina mlio wa filimbi masikioni, si sauti za watu. Na kama kweli unasikia watu wakizungumza nawe na hawapo, hilo nalo mwambie daktari bila aibu. Ni jambo jingine, nalo lina matibabu.

Usimtumie mtoto kama mkalimani. Hospitali nyingi za Brussels zina wapatanishi wa kitamaduni, na pengine huduma hiyo hufanywa kwa video, hulipi chochote. Nje ya hospitali kuna wakalimani wa kijamii, kwa mfano wa SeTIS Bruxelles. Anayewaita ni daktari au huduma inayokupokea, kwa hiyo uliza siku ya kuchukua miadi: "Naweza kupata mkalimani wa Kiswahili?"

USINGOJE MIADI KAMA:

- usikivu wa sikio moja umepotea ghafla, leo au jana. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kitengo cha dharura. Kuna matibabu ambayo hufaa zaidi yakianza mapema, na kila siku inayopita inapunguza nafasi;
- mlio umeanza pamoja na uso kupinda, mkono kulegea au kushindwa kusema. Piga 112;
- mlio umeanza baada ya kugonga kichwa;
- kizunguzungu kinakuangusha.

Mwone daktari ndani ya siku chache kama mlio uko sikio moja tu, kama unapiga sawasawa na mapigo ya moyo, au kama sikio linauma au kutoa usaha.

Na kama mlio umekuchosha hadi unafikiri kufa ni afadhali, zungumza na mtu leo. Namba 0800 32 123 ni ya bure na inapokea kwa Kifaransa usiku na mchana. 1813 ni ya Kiholanzi. Kama lugha inakushinda, mwambie jirani, mchungaji, imamu au mmoja wetu akupigie, au nenda dharura. Mawazo hayo huwajia watu wengi waliokosa usingizi muda mrefu, na hupita wakisaidiwa.

NJIA YA KUFUATA

Anza na daktari wa familia au maison médicale ya mtaa wako. Atatazama kama kuna nta iliyoziba, atapima shinikizo la damu, pengine damu yenyewe. Nta peke yake inaweza kuleta mlio, na kuiondoa ni kazi ya dakika chache.

Kisha atakuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa Kifaransa ni ORL, kwa Kiholanzi NKO. Huko utapimwa usikivu: unakaa kwenye kijumba, unavaa vifaa vya masikioni, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio mdogo. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Mwambie mpimaji mapema kama vyumba vidogo vilivyofungwa vinakutisha. Mlango unaweza kufunguliwa wakati wowote.

Kuhusu pesa: hakikisha michango yako ya mutuelle iko sawa, na uliza kama una haki ya BIM, ambayo hupunguza sana unacholipa. Kama CPAS ndiyo inayogharamia matibabu yako, zungumza na msaidizi wako wa kijamii kabla ya miadi, si baada ya bili kufika.

Chukua nawe karatasi yenye majibu ya maswali haya: mlio ulianza lini? Sikio gani? Unapiga kama moyo au hapana? Uliwahi kuwa karibu na bomu au bunduki? Ulitibiwa malaria kali au kifua kikuu? Unatumia dawa gani sasa? Unalala saa ngapi?

Vipimo vikionyesha usikivu umepungua, daktari anaweza kukuandikia kifaa cha kusikilizia. Mutuelle hulipa sehemu ya bei ikiwa upungufu umefika kiwango kilichowekwa, na unakijaribu kwanza kabla ya kununua. Kwa watu wengi, masikio yakianza tena kupata sauti za nje, mlio unarudi nyuma. Na darasa la Kifaransa linakuwa jepesi. Nimeona mtu akiambiwa hana bidii ya kujifunza lugha, kumbe hamsikii mwalimu.

Vipimo vikiwa vizuri, usivunjike moyo ukiambiwa hakuna kidonge cha kuuzima mlio. Ni kweli, hakipo. Lakini kukosa kidonge si kukosa msaada. Mwaka 2012 watafiti wa Maastricht, mji wa Uholanzi ulio mpakani mwa Ubelgiji, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya watu wazima 492. Waliopewa mafunzo ya kubadili fikra na mwenendo juu ya mlio, pamoja na huduma za usikivu, waliishi vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mafunzo hayo hayakuuzima mlio. Yaliupunguzia uzito, kama saa ya ukutani ambayo mgeni anaisikia na mwenye nyumba haisikii.

Kwa mafunzo ya aina hiyo, mwombe daktari akuelekeze kwa psychologue de première ligne. Kikao cha kwanza ni bure. Vinavyofuata, wakati ninapoandika, ni euro 11, au euro 4 kwa mwenye BIM. Kama kiini ni yale yaliyotokea nyumbani au njiani, Brussels kuna huduma zinazopokea waliokimbia nchi zao, kama Ulysse na Exil.

NYUMBANI, USIKU WA LEO

Kimbia ukimya. Weka feni, redio ya chini, au sauti ya mvua kwenye simu; sauti ya mvua juu ya mabati hutufaa wengi. Isizidi mlio. Iwe chini yake kidogo, ili ubongo uzoee kuusikia bila kuujali.

Usizibe masikio mchana kutwa. Ubongo utaongeza tena sauti ya redio yake. Ziba kwenye kelele tu.

Acha kuukagua. Ukijiuliza kila nusu saa "bado upo?", utaukuta. Lala na uamke saa zile zile. Ukiamka usiku na moyo unakimbia, vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, dakika tano.

Usitie sikioni mafuta ya moto, mafuta ya taa, kitunguu saumu, njiti wala pamba za vijiti. Usinunue dawa za mitishamba kwenye intaneti kwa bei ya kodi ya nyumba. Kama unaomba, endelea kuomba. Lakini anayetaka pesa ili auondoe mlio anataka pesa.

Mwisho, waambie wa nyumbani. Mke anayeona mumewe anaongeza televisheni na kukasirika ovyo hudhani amechokwa. Mtoto anayeitwa asiitike hupigwa, kumbe hasikii. Huduma ya afya ya shule, PSE au CLB, inaweza kumpima. Neno moja, "masikio yangu yanalia", limeshapunguza ugomvi katika nyumba ninazozijua. Hata ofisini kwetu, usingoje uvae koti. Anza na hilo.